Mwalimu aliyefunga mpaka

CARAMA, Bujumbura – Ukitaka kujua bidhaa ya duka la Carama imetoka wapi, tazama rafu. Sabuni, unga, mafuta ya kupikia, ndoo za plastiki: vingine vimepita Kobero, vingine Mugina, vingine vimevuka ziwa kwa meli kutoka Kigoma. Mpaka ukifungwa siku mbili, rafu inaonyesha. Ukifungwa miezi, mtaa mzima unaonyesha.

Wenye umri wa kukumbuka mwaka 1996 wanajua maana ya maneno hayo. Mwaka ule nchi jirani ziliifungia Burundi njia zote, za barabara, za maji na za anga. Mzee aliyesimama nyuma ya uamuzi huo hakuwa jenerali, wala wakati huo hakuwa tena rais. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia na baiolojia, mtoto wa wafugaji na wakulima wa Butiama, aliyeitwa Mwalimu na watu ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Huyo ndiye Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1922, Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake zaidi ya ishirini. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Kuwa mtoto wa mtemi hakukumwondolea kazi. Alichunga mbuzi kama watoto wenzake, akalima, akawinda, na jioni akajifunza bao, mchezo alioupenda hadi uzeeni. Wanaojua bao wanajua kwamba ushindi hauko kwenye kete za mkononi peke yake. Uko kwenye kuhesabu ubao mzima, wa kwako na wa mwenzako.

Shule aliianza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, Mwisenge mjini Musoma, kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Ilikuwa shule ya bweni, na wenzake darasani wengi walikuwa wamemtangulia. Hakuchelewa kuwafikia. Kutoka hapo alikwenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka huohuo alibatizwa akapata jina la Julius.

Alipomaliza Makerere alikuwa na sehemu mbili za kwenda, zote Tabora. Shule ya serikali ilimtaka, na St. Mary's, shule ya mapadre, ilimtaka pia. Serikali ilikuwa na hoja ambayo kijana yeyote anayeanza maisha angeisikiliza: miaka ya kufundisha kwa mapadre isingehesabiwa kwenye pensheni. Alichagua St. Mary's. Akafundisha hapo kuanzia mwaka 1946 hadi alipopata nafasi ya kwenda Edinburgh, Scotland, mwaka 1949, akasome historia na uchumi. Alirudi mwaka 1952 na shahada ya M.A., mwanzoni mwa mwaka 1953 akamwoa Maria Gabriel, aliyekuwa mwalimu naye, na akaajiriwa kufundisha historia Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Pugu ndipo ualimu na siasa vilipokutana uso kwa uso. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alisafiri New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi alitakiwa achague: ama darasa, ama chama. Akaacha kazi. Leo inasomeka kama hatua ya kawaida katika maisha ya mtu mkubwa. Wakati ule ilikuwa ni mtu mwenye mke na watoto kuacha mshahara pekee wa nyumba.

Hapa wafanyabiashara wana lao la kukumbuka. Mama Maria alifungua duka dogo Dar es Salaam, akauza na mafuta ya taa, na nyumba ikaendelea. Baba wa taifa la Tanganyika, kabla ya ikulu, alilishwa na faida ya duka la rejareja. Waliokuja kuteswa baadaye na maafisa wa sera zake, mizigo yao ikiitwa ya ulanguzi, pengine wangependa habari hiyo ikumbukwe zaidi kuliko inavyokumbukwa.

Aliporudi kwao Musoma baada ya kuacha kazi hakuacha kufundisha. Aliwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri maandiko. Uhuru ulipofika, tarehe 9 Desemba 1961, akawa waziri mkuu, lakini Januari 1962, baada ya wiki sita tu, alijiuzulu na kumwachia Rashidi Kawawa. Akazunguka nchi kukijenga chama vijijini, kama kocha aliyetoka uwanjani akakaa pembeni aone timu inavyocheza. Desemba 1962 akarudi akiwa rais wa jamhuri.

Kuanzia hapo nchi nzima ikawa darasa. Hotuba zake za redio zilikuwa vipindi vya shule: anauliza swali, analijibu kwa mfano wa jembe au ng'ombe, anacheka mwenyewe, anarudi kwenye swali. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na akina mama waliovuna asubuhi wakakaa kwenye madawati jioni. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, asiyejua kusoma alikuwa mmoja katika kila kumi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto aende shule ya msingi, na mwaka 1977 mpango huo ulianza kutekelezwa nchi nzima, mara nyingine chini ya mwembe na kwa walimu waliofunzwa haraka. Ubora ulishuka. Lakini mtoto wa mchunga mbuzi aliingia shule.

Alikuwa mkali pia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa, wakalalamikia na mishahara minono ya wakubwa. Aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 akawarudisha kwao kwa wazazi. Wote wawili, yeye na wao, walipata adhabu siku moja.

Usiku, kazi ikiisha, alitafsiri. Juliasi Kaizari ya Shakespeare ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963. Mwaka 1969 ikafuata tamthilia ya yule mfanyabiashara wa Venice, na Mwalimu akaipa jina la Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika wafanyabiashara. Aliandika mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno hilo moja linasema jinsi alivyolitazama soko.

Kwa sababu biashara ndiyo somo ambalo hakulifaulu. Ujamaa uliwaweka watu vijijini pamoja, na shule na visima vikafuata, lakini kati ya mwaka 1973 na 1976 wengi walihamishwa kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vikavunjwa, na mwaka huohuo ikaja operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi ili maduka ya ujamaa yachukue nafasi. Rafu zikabaki tupu na operesheni ikasitishwa. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, ambapo maelfu walikamatwa, wakubwa na wadogo, na watu wakatupa mali mitoni na maporini wasikutwe nayo. Mwaka uliofuata serikali yake hiyohiyo ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwalimu mwenyewe alikiri, akiwa bado madarakani, kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Si viongozi wengi wa enzi ile waliowahi kusahihisha daftari lao wenyewe hadharani.

Na mpaka? Hakuna kiongozi wa eneo hili aliyetamani kuuondoa mapema kuliko yeye. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda zipate wao pia, nchi tatu ziingie uhuru zikiwa shirikisho moja. Haikuwezekana. Mwaka 1967 alitia saini pamoja na Jomo Kenyatta na Milton Obote mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: reli moja, bandari, posta, shirika moja la ndege. Miaka kumi baadaye jumuiya ilikufa. Walihitilafiana kuhusu fedha, kuhusu ujamaa na ubepari, na kuhusu Idi Amin, ambaye Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja. Februari 1977, Kenya ilipoanzisha shirika lake la ndege, Tanzania ilifunga mpaka na kushikilia magari na ndege ndogo zilizokutwa upande wake.

Mpaka ule ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka zaidi ya sita. Wamasai walipita na ng'ombe wao kama kawaida, kwa kuwa ng'ombe hasomi ramani, lakini lori la Namanga lilisimama. Mgawanyo wa mali za jumuiya ulihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, aliyekwenda na kurudi kwa miaka kabla marais watatu hawajakaa pamoja Arusha na kupeana mikono.

Alipostaafu urais Novemba 1985 alirudi Butiama kulima. Ndiko Burundi ilikomkuta.

Warundi hawakuwa wageni kwake. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma shule za Kiswahili za serikali yake, na waliorudi nyumbani miaka mingi baadaye walirudi na Kiswahili cha Tabora na Mpanda ambacho leo kinasikika kwenye masoko ya Bujumbura. Kisha Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, na nchi ikaingia vitani. Kamenge na Kinama, majirani wa Carama, vilionja vita hivyo mapema: nyumba zilibomolewa, watu wakahama.

Mapema mwaka 1996 Mwalimu, akiwa na miaka 73, alikubali kuwa msuluhishi. Aliwaita UPRONA na FRODEBU Mwanza, mara moja, mara mbili. Hawakuafikiana. Tarehe 25 Julai jeshi la Burundi likamrudisha Pierre Buyoya madarakani kwa mapinduzi. Siku sita baadaye, Arusha, viongozi wa nchi jirani walitangaza vikwazo vya uchumi. Masharti yalikuwa matatu: bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na mazungumzo yaanze na pande zote bila masharti. Nyerere aliviunga mkono kwa nguvu zote.

Wafanyabiashara wa Bujumbura walijua bei yake kabla ya wanasiasa. Kahawa, ambayo ndiyo ilikuwa ikiiletea nchi fedha za kigeni, haikuweza kufika bandari ya Dar es Salaam. Petroli ilipanda bei, kisha ikawa ya kutafutwa kwa kujuana. Mbolea, dawa na vipuri vilichelewa hadi nafuu ya kwanza ilipotolewa Aprili 1997 kwa mahitaji ya kibinadamu. Magendo yakastawi. Mwenye lori na jamaa wakubwa alipata njia za usiku, akatajirika kuliko siku za amani. Mwenye baiskeli na gunia moja ndiye aliyesimamishwa. Hili si la Burundi peke yake, ndivyo vikwazo vinavyofanya kazi karibu kila mahali: vinapita juu ya waliolengwa na kuwaangukia wanaotafuta chakula cha siku.

Serikali ya Buyoya ilirudisha bunge na vyama Septemba 1996, na ikasema inaadhibiwa kwa kosa ililolisahihisha. Wanasiasa wengi wa Bujumbura walimwona Nyerere ana upande, na Agosti 1997 serikali ilikataa kwenda kwenye mazungumzo aliyoyaitisha. Yeye alishikilia kwamba vikwazo vikiondolewa mapema, hakuna atakayekaa mezani. Alikuwa na haki? Juni 1998 walikaa. Vyama kumi na saba vilifika Arusha, serikali ikiwemo, na baadaye vikawa kumi na tisa. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Wapo wanaoamini kwamba njaa ya petroli ndiyo iliyowaleta, na wapo wanaoamini kwamba wangekuja tu na kwamba miaka miwili na nusu ya soko ilipotea bure. Aliyefunga duka mwaka 1997 ana haki ya kuwa na jibu lake.

Namna alivyoyaendesha mazungumzo ilikuwa ya mtu wa Pugu. Hakuanza na kugawana vyeo. Aliwagawa katika kamati, na ya kwanza ilipewa kazi ya kujadili chanzo cha mgogoro wenyewe, yaani historia: nini kilitokea, lini, na nani alifanya. Kamati hiyo iliongozwa na Armando Guebuza, ambaye baadaye alikuwa rais wa Msumbiji. Ya amani na usalama iliongozwa na padre wa Kiitaliano, Matteo Zuppi, ambaye leo ni kardinali. Wajumbe walibishana kwa wiki juu ya maneno. Waliochoka walisema mzee anapoteza muda na posho zinaliwa. Lakini watu waliokuwa wamezika ndugu zao walilazimika kusikiliza, wakiwa wamekaa, historia ya nchi ikisimuliwa na upande wa pili.

Kosa lake kubwa la Arusha lilikuwa mlango. Makundi yenye bunduki, CNDD-FDD na wapiganaji wa FNL, hayakuwa mezani. Vyama vilivyokaa Arusha vilikuwa vimegawanyika na wapiganaji wao, na msuluhishi hakutaka kuyafungulia makundi yaliyojitenga. Gharama ya hilo ililipwa karibu sana na Carama. Mwishoni mwa Februari 2001, miezi sita baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, FNL waliingia Kinama na kukaa humo siku kadhaa huku jeshi likiwapiga mizinga. Maelfu walikimbia na magodoro kichwani. CNDD-FDD waliweka silaha chini baada ya makubaliano ya mwaka 2003, na FNL walichukua miaka mingine zaidi.

Yeye hakuyaona hayo. Mwaka 1999 alikuwa tayari ana kansa ya damu, na bado alihudhuria vikao vya Arusha. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas', London. Burundi ilikuwa imetoka kumkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, ambaye kabla ya siasa alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa nchi hii. Tangu hapo siku hizo mbili zinafuatana kwenye kalenda, moja ya Warundi, moja ya Watanzania, na madereva wa malori wanaovuka Kobero wiki hiyo hujikuta na sikukuu pande zote mbili za kizuizi.

Alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba, karibu na kaburi la baba yake na la mama yake. Nelson Mandela alichukua usuluhishi, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha, kwa sehemu kubwa ukiwa umejengwa na kamati alizoziunda Mwalimu.

Wiki tano hivi baada ya mazishi yake, tarehe 30 Novemba 1999, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walikutana katika mji huohuo na kutia saini mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki. Ulianza kufanya kazi Julai 2000. Burundi iliingia tarehe 1 Julai 2007, siku ya uhuru wake, pamoja na Rwanda. Soko la pamoja likaanza rasmi Julai 2010, na mfanyabiashara mdogo wa Carama anayekwenda Kigoma kununua mchele sasa hupita Mugina, ambako kitambulisho na cheti cha asili ya bidhaa vinatakiwa kumtosha, na ambako bado siku nyingine havimtoshi.